Ruta ya Nyumbani: Kosa Liko Wapi?

Katika msimu wa mvua uliopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Gatete, mwenzetu katika chama, alitujia na ruta yake ameifunga katika gazeti kama mtu aliyetoka kununua ndagala. Alikuwa amekwisha kuwaita mafundi watatu. Wa kwanza aliingiza sindano katika kitundu cha nyuma, taa zikazimika, zikawaka tena, akapokea franka zake akaenda. Jioni ile ile mtandao ukakatika. Wa pili alisema laini imechoka, inunuliwe nyingine. Ikanunuliwa. Wa tatu aliitazama ruta, akatazama nje, akasema mnara ndio mbovu, naye akalipwa kwa kusema hivyo. Kwa mwezi mmoja mwalimu alitoa fedha ambazo zingekaribia kununua ruta mpya, na bado mtoto wake wa sekondari alikuwa akisimama barabarani usiku na simu mkononi ili apate masomo yake.

Kosa lilikuwa katika adapta, yaani kile kichwa cheusi kinachochomekwa ukutani. Ile iliyokuja na ruta iliungua siku ya radi. Kijana wake alikwenda soko la Rumonge akapata nyingine ambayo ncha yake iliingia vizuri, akafurahi. Lakini ruta imeandikwa chini yake kwamba inataka volti 12 na ampea 1, na adapta ile ilikuwa ya volti 9 na ampea 0.6, pengine ya redio ndogo. Ikitumika simu moja tu, ruta ilijikongoja. Zikiingia simu tatu jioni, kazi ikazidi, umeme haukutosha, ruta ikazimika yenyewe na kuwaka upya. Na kwa kuwa taa ya umeme ilikuwa ikiwaka wakati wote ambapo mafundi walikuwapo, hakuna aliyeishuku adapta.

Hatukuanza na kisa hiki kwa ajili ya kuwacheka mafundi. Wengi wao ni wafanyakazi kama sisi, nao hawalipwi kwa kufikiri bali kwa kugusa. Tumeanza nacho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo kila mwenye ruta nyumbani angepaswa kulijua kabla hajafungua mfuko wake: mtandao ukikatika, kazi ya kwanza ni kujua umekatikia wapi. Mtu anayengoja mzigo wake kutoka Bujumbura akaona haukufika hamwiti fundi wa magari. Huuliza kwanza kama gari limeondoka, kama barabara namba 3 inapitika kando ya ziwa, na kama mzigo haukushushwa nyumba ya jirani. Ndivyo ilivyo kwa ruta.

Chombo chenyewe ni kisanduku kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawa ndani ya nyumba. Kutoka nje inaweza kuja kwa laini ya simu na mnara, kwa mkongo, yaani ule waya wa nyuzi za kioo, au kwa sahani ya setilaiti, kama zile za Starlink ambazo zilianza kuhudumu nchini Burundi mwaka 2024. Ndani ya nyumba inagawa kwa waya au kwa mawimbi ya waifai. Hapa kwetu wengi wanatumia ruta ya laini, hivyo basi tutasema zaidi juu ya hiyo, lakini karibu yote yanafaa kwa nyingine pia.

UMEME KWANZA

Tuanze ukutani, maana huko ndiko wengi hawatazami. Pindua ruta usome stika. Utaona volti, ampea, na mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kama ncha ya katikati ni chanya au hasi. Adapta yoyote unayonunua badala ya ile ya kwanza hapana budi ilingane na volti hizo na mchoro huo. Ampea inaruhusiwa kuwa kubwa zaidi, kwa sababu ruta huchukua kile inachohitaji tu; ikiwa ndogo, utapata ugonjwa wa yule mwalimu. Ikiwa volti ni nyingi kuliko zilizoandikwa, unaweza kuiua ruta katika dakika moja.

Umeme ukikatika, chomoa adapta. Usingoje. Hatari kubwa si wakati wa kukatika bali wakati wa kurudi, kwani umeme unaporudi hurudi kwa kishindo, ukipanda na kushuka kabla haujatulia. Acha taa ya nyumba iwake dakika tano bila kucheza ndipo uchomeke. Na radi inapoanza kunguruma juu ya milima, chomoa pia, hata kama umeme upo. Hili si woga wa kizee. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliikuta Kabare, katika Kivu ya Kusini, kuwa ndiyo inayopigwa na radi kuliko mahali pengine popote barani Afrika, na ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Sisi na Kabare tumo katika bonde moja la maziwa. Kwa sababu hiyo hiyo hatuwashauri majirani wanaochangia ruta moja wavute waya wa shaba hewani kutoka nyumba hadi nyumba. Tumeona watu wakifanya hivyo ili kuokoa fedha. Radi ikipiga karibu, waya ule unaiingiza katika nyumba zote mbili.

Wenye betri ya sola wanaweza kuendesha ruta bila umeme wa nguzo, na hesabu yake si ngumu. Ruta nyingi ndogo za volti 12 hula kama wati 6 zikifanya kazi ya kawaida. Betri ndogo ya volti 12 na ampea 7 kwa saa ina wati 84 kwa saa. Ukigawanya kwa 6 unapata saa 14. Lakini betri za namna ile hufa mapema zikimalizwa, kwa hiyo hesabu nusu, saa 7, kuanzia magharibi hadi watu walale. Neno la tahadhari: betri inayochajiwa na jua hupanda kupita volti 14. Usiifunge ruta moja kwa moja kwenye betri. Weka katikati kifaa cha kusawazisha volti.

MAHALI PA KUIWEKA

Watu wengi huweka ruta mahali penye soketi, kisha wanashangaa. Ruta ya laini ina kazi mbili: kusikia mnara na kusikiwa na simu za nyumbani. Kazi ya kwanza ndiyo ngumu. Mabati hurudisha mawimbi, tofali nene huyapunguza, na majani mabichi hunyonya nguvu yake kwa sababu yana maji. Sisi tunaoishi kati ya michikichi tulijue hilo. Mchikichi ulioanza kuziba dirisha upande wa mnara unaweza kueleza kwa nini mtandao uliokuwa mzuri miaka mitatu iliyopita ni hafifu sasa, wala hakuna aliyekuroga.

Uliza mnara uko upande gani. Peleka ruta kwenye dirisha la upande huo, iweke juu, kama kimo cha kichwa cha mtu aliyesimama, mbali na friji, televisheni na bati. Kisha usitazame vile vijiti vya taa peke yake, kwani vijiti hudanganya. Fungua ukurasa wa ruta, tutaeleza hapa chini namna ya kuufungua, utafute mahali panapoandikwa nguvu ya mawimbi kwa herufi RSRP. Ni namba yenye alama ya kutoa. Iliyo karibu na sifuri ndiyo bora: –85 ni nzuri, –100 inavumilika, –115 ni mateso. Geuza ruta robo ya mzunguko, ngoja dakika moja, soma tena, andika. Halafu dirisha la pili. Kazi hii ya nusu saa imesaidia watu wengi kuliko antena za kununua, ingawa kwa nyumba iliyo bondeni nyuma ya kilima antena ya nje inaweza kuwa ndiyo dawa ya pekee.

Usiifunike kwa kitambaa cha kudarizi. Tunajua ni desturi nzuri, na televisheni imevumilia, lakini ruta hupumua kwa matundu yale, na pwani ya ziwa letu ina joto. Ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi au kuzimika. Ipanguse vumbi mara kwa mara, na utazame sisimizi, maana hupenda sana ule ujoto wa ndani.

Wenzetu walio karibu na mpaka waongeze jambo moja. Katika mipangilio ya ruta kuna mahali pa kuruhusu au kukataza kutumia mtandao wa nchi nyingine. Kataza. Chombo kinachojitafutia mnara kinaweza kushika ule wa ng'ambo, na salio likaisha kabla hujanywa chai.

JINA, NENO LA SIRI NA MLANGO

Ukurasa wa ruta hufunguliwa kwa simu au kompyuta iliyoungwa na ruta hiyo hiyo. Pale unapoandika anwani za tovuti, andika namba zilizo kwenye stika. Aghalabu ni 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1. Hauhitaji salio kuufungua, kwa sababu hutoki nje ya nyumba. Utaombwa jina na neno la siri la kiwandani, nalo liko kwenye stika.

Jambo la kwanza ukishaingia ni kubadili neno hilo. Tunasema neno la kuingilia ukurasa, si lile la waifai. Ni mawili tofauti, na wengi hubadili la pili wakasahau la kwanza. Mwaka 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilienea duniani kote katika ruta na kamera za nyumbani, na haikuvunja mlango wowote. Ilikuwa na orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 hivi, ikajaribu moja baada ya jingine, nyumba baada ya nyumba. Waliobadili walipona.

Kwa waifai chagua ulinzi wa WPA2, au WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaukubali. Neno la siri liwe na herufi zisizopungua 12, na lisiwe jina la mtoto wala namba ya simu. Zima WPS, ile njia ya kuunga kwa kubonyeza kitufe au kwa namba nane, kwani tangu 2011 inajulikana kwamba namba zile zinaweza kukisiwa kwa saa chache. Jina la mtandao lisitaje jina la ukoo wala kazi ya mwenye nyumba. Haimpasi mpita njia kujua kwamba ndani kuna karani wa fedha.

Hapa tuseme neno zito kidogo. Laini iliyomo ndani ya ruta imeandikishwa kwa jina lako. Kijana usiyemjua akipewa neno la siri na mwanao, akatumia mtandao wako kumtukana mtu au kumwibia mtu, watakaoulizwa kwanza ni wenye jina hilo. Ruta nyingi zina mtandao wa pili wa wageni wenye neno lake mbali. Wape wageni huo, na mgeni akiondoka badilisha.

Halafu kuna APN, yaani mlango wa kampuni ambao laini hupitia kuingia intaneti. Kila kampuni ina wake. Aghalabu ruta huujua yenyewe, lakini ikisahau, utaona vijiti vyote vimejaa, simu zimeungwa, wala hakuna kitu kinachofunguka. Uliza kampuni yako jinsi APN yake inavyoandikwa, herufi kwa herufi, uinakili mahali. Mfuate na jirani mwenye laini ya kampuni hiyo akuonyeshe yake kwenye simu.

Nakala hiyo ndiyo itakayokuokoa siku ya sindano. Kuzima ruta na kuiwasha ni jambo moja, na kufuta kumbukumbu yake kwa kubonyeza kile kitundu sekunde kumi ni jambo jingine kabisa. Kuzima na kuwasha hakuna madhara: chomoa, hesabu hadi 30, chomeka. Mara nyingi kunatosha, kwa kuwa ruta ni kompyuta ndogo na kumbukumbu yake huchoka. Lakini sindano inafuta APN, inafuta maneno yako ya siri, inarudisha yale ya kiwandani ambayo Mirai inayajua. Fundi anayeanza na sindano kabla hajauliza swali lolote, mshukuru, umpe maji ya kunywa, umruhusu aende.

KUTAFUTA KOSA

Sasa mtandao umekatika. Uko nyumbani na huna fundi. Tazama taa ya umeme. Haiwaki? Jaribu soketi nyingine, kisha adapta nyingine iliyo sawa. Inawaka, lakini ruta inajizima wakati wa kazi nyingi? Umekwisha soma habari za mwalimu.

Taa ni nzima. Chukua simu moja, itazame kama imeungwa na waifai, na ujaribu kufungua ukurasa wa ruta kwa namba zake. Ukifunguka, njia kati ya simu na ruta ni safi, kosa liko mbele, nje ya nyumba. Usipofunguka, kosa liko ndani ya nyumba, na hakuna haja ya kuilaumu kampuni. Jaribu simu ya pili. Kama ya pili inafungua, basi ruta ni nzima na simu ya kwanza ndiyo mgonjwa: iambie isahau mtandao huo, kisha iuunge upya. Kwenye kompyuta kuna dalili nzuri zaidi. Tazama anwani iliyopewa. Ikianza na 192.168, ruta imeipokea. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kubisha hodi bila kuitikiwa, maana yake ruta haijaipa kitu.

Mara nyingine simu ya zamani haioni kabisa jina la mtandao, na mpya inaliona. Ruta za kisasa hutoa masafa mawili, 2.4 na 5, na simu nyingi za zamani zinajua 2.4 tu. Usizime 2.4. Ndiyo inayopita ukuta vizuri zaidi. Ile ya 5 ina kasi lakini inachoka haraka. Wako wanaotushauri pia kubadili chaneli, 1 au 6 au 11. Ni shauri la kweli mjini Bujumbura au katikati ya Rumonge, penye ruta kila mlango. Kwetu hapa, ambapo nyumba moja haisikii ruta ya nyingine, ni kupoteza wakati.

Ukurasa wa ruta umefunguka lakini dunia haifunguki. Kabla ya yote tazama salio. Tunaona haya kulisema, lakini kifurushi kilichokwisha ndicho chanzo cha malalamiko mengi tuliyoletewa. Na mara nyingi mwenyewe anaapa kwamba alikijaza jana. Ni kweli alikijaza. Simu za kisasa zikiunganishwa na waifai hudhani ziko kwa tajiri. Zinaanza kupakua programu mpya, kupeleka picha zote kwenye hifadhi ya mbali, na kucheza video kwa ubora wa juu, kila simu kwa siri yake. Ingia kwenye mipangilio ya kila simu na kila kompyuta, uutaje mtandao huo kuwa ni wa kupimwa. Utashangaa kifurushi kile kile kinavyodumu.

Salio lipo? Toa laini, iweke kwenye simu, jaribu pale pale. Ikifanya kazi katika simu, mnara na laini ni wazima: rudi kwenye APN. Isipofanya kazi hata katika simu, jaribu laini ya jirani ya kampuni ile ile. Nayo ikikataa, tatizo ni la mtaa mzima, weka sindano kabatini.

Jaribio la mwisho ni zuri kwa kuwa halihitaji chombo chochote. Andika 1.1.1.1 pale pa anwani. Hiyo ni huduma iliyowekwa wazi mwaka 2018, inayofunguka kwa namba bila jina. Ikifunguka na tovuti za majina hazifunguki, basi intaneti ipo, ila ile orodha inayogeuza majina kuwa namba ndiyo imekwama. Ndani ya ruta, mahali paandikwapo DNS, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8, na mara nyingi mambo yanarudi.

KOSA LILILO MBALI

Yako makosa ambayo hakuna mkono wa Gatete unaoyafikia. Nchi yetu haina bahari. Intaneti yetu hupita nchi kavu hadi pwani ya Afrika Mashariki, Dar es Salaam na Mombasa, ndipo iingie katika nyaya zilizolala chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika. Tanzania iliumia sana, na nchi nyingine za ukanda huu zikaguswa pia. Siku kama hiyo taa zote za ruta huwa za kijani, salio lipo, mnara upo. Ni wangapi waliolipa kufutiwa ruta zao kwa sababu ya waya uliokatika chini ya bahari?

Dalili yake ni kwamba baadhi ya mambo yanafunguka na mengine hayafunguki, na kwa majirani wa kampuni tofauti hali ni moja. Sikiliza redio, uliza ndugu wa Kigoma au Dar es Salaam.

Kuna pia uchovu wa jioni. Mnara hugawa uwezo wake kwa wote walio chini yake, na kuanzia saa moja hadi saa nne usiku wote tuko juu yake. Pima kasi saa mbili usiku, kisha uamke upime saa kumi na moja alfajiri, wakati mitumbwi inarudi na ndagala. Ikiwa alfajiri ni nzuri na usiku ni mbaya, ruta yako haina kosa, wala ruta ya bei kubwa haitakusaidia. Kinachosaidia ni kampuni kuongeza uwezo wa mnara, na kampuni haitauongeza kwa sababu ya mtu mmoja aliyenuna.

Hapa ndipo chama kinapoingia. Tunawaomba wanachama wenye ruta waweke daftari la kurasa chache karibu na ruta. Andika tarehe, saa ya kukatika, saa ya kurudi, taa zilikuwaje, na majaribio uliyofanya. Mtu akienda peke yake kwenye ofisi ya kampuni kusema mtandao ni mbaya, ataambiwa azime na kuwasha. Wakienda watu wanane wa mtaa mmoja na madaftari manane yanayoonyesha saa zile zile za usiku kwa wiki tatu, mazungumzo ni mengine. Wasiposikilizwa, iko ARCT, chombo cha serikali kinachosimamia mawasiliano, na malalamiko ya maandishi yenye tarehe ndiyo yanayopokelewa kwa uzito. Mwalimu wetu sasa analo daftari hilo, na tangu apate adapta sahihi lina mistari minne tu, yote ya siku ambazo mtaa mzima ulikatika.

Jambo moja la mwisho, na hili linawahusu waajiri. Siku hizi yuko karani anayetakiwa kutuma hesabu usiku kutoka nyumbani, yuko muuguzi anayetakiwa kujaza ripoti baada ya zamu, yuko mwalimu anayeitwa kwenye mkutano kwa simu siku ya Jumapili. Ruta ni ya mfanyakazi, kifurushi ni chake, umeme ni wake, na ikiungua ni hasara yake. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1996 Mkataba namba 177 juu ya kazi za nyumbani. Tuseme ukweli, mkataba huo wenyewe unaeleza kwamba mfanyakazi anayefanya kazi nyumbani mara moja moja haingii katika hesabu yake. Lakini Pendekezo namba 184 lililokwenda pamoja nao linataja waziwazi kwamba wanaofanya kazi nyumbani walipwe gharama za kazi hiyo, kama umeme, maji, mawasiliano na matengenezo ya vyombo. Pendekezo si sheria. Hata hivyo ni msingi mzuri wa kuanzia mazungumzo, na kule ambako mwajiri anaigeuza sebule ya mfanyakazi kuwa ofisi kila siku, mazungumzo hayo yanapasa kuanza. Ili yaanze tunahitaji hesabu: ni gigabaiti ngapi kwa mwezi zilikwenda kwa kazi ya mwajiri, na ni franka ngapi. Ukurasa wa ruta huonyesha jumla ya matumizi. Izinakili kila mwisho wa mwezi, kabla hazijajifuta.

Mwenye swali juu ya ruta yake alilete kwa katibu wa tawi. Aje na adapta yake pamoja na ruta, namba zote za kwenye stika, na daftari. Neno lake la siri aliache nyumbani.